Bado Kidogo

Mwenye nyumba alipogonga mlango wa karakana mara ya pili, Fundi alikuwa amejikunyata sakafuni nyuma ya kochi lililovuliwa nguo, magoti yamefika kidevuni, pumzi kaibana. Mapajani alikuwa na kipande cha sponji. Hakujua kwa nini alikibeba alipokimbilia pale. Labda mikono ilitaka tu kushika kitu.

"Fundi! We Fundi! Umo?"

Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, baba wa mapacha, kajificha ndani ya karakana yake mwenyewe mchana kweupe. Angeambiwa mwaka jana kwamba atafika hapo, angecheka mpaka atoe machozi. Sasa hata kumeza mate aliogopa, asije akasikika.

Barazani, hatua chache kutoka mlango ule, mkewe alikuwa akimsuka mteja. Huyo mke ndiye aliyejibu.

"Katoka, Shangazi. Kaenda kutafuta pini za stepla."

Wapangaji wote walimwita mwenye nyumba Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote pale, na kama angekuwa, mhusika angeomba abadilishiwe ukoo.

"Kila nikija katoka. Huyu ni fundi au tarishi?"

"Ndiyo mambo ya kazi, Shangazi."

"Makochi yangu yamefika wapi?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ndiyo wapi hapo?"

"Yaani yamebaki mambo ya kumalizia tu. Vitu vidogo vidogo."

"Umeyaona wewe?"

Mteja aliguna, maana vidole vya msusi vilisimama ghafla huku vimeshika nywele.

"Nimeyaona, Shangazi. Kwa macho yangu haya."

"Haya basi. Jumamosi mwanangu anakuja na wakwe zake, na sitaki kuwakalisha kwenye ndoo. Halafu yule kijana wa kuuza simu kanipigia tena, anakitaka chumba hiki. Nimemwambia asubiri. Makochi yakinipendeza, chumba chenu mwaka mzima bila kodi, kama tulivyoelewana. Yasiponipendeza, msinililie."

Kandambili zake zikaondoka zikipiga sakafu, pa, pa, pa. Fundi aliendelea kukaa palepale. Maneno ya mkewe, kwa macho yangu haya, yalimuuma kuliko ya Shangazi. Mkewe hakuwa ameona kitu. Alikuwa amebeba maneno ya mumewe jinsi alivyopewa, akayaongezea kiapo.

*

Makochi yalikuwa matatu, moja kubwa na mawili madogo. Siku yalipoletwa Fundi aliyavua kwa furaha. Kuvua ndiyo kazi aliyoipenda. Aling'oa pini, akachana kitambaa kikuukuu, akatoa mavumbi ya miaka, akakuta humo vijiko, vifungo na hereni moja ya Shangazi ambayo msichana wa kazi alifukuzwa kwa ajili yake. Akagonga mbao zilizolegea, akafunga springi upya, akabadilisha sponji. Kazi yote hiyo aliimaliza upesi na kwa ufundi wa hali ya juu. Halafu akafika kwenye kitambaa, na hapo akasimama.

Kitambaa kilikuwa mahameli, rangi ya damu ya mzee. Binti wa Shangazi alikituma kutoka mbali, na katika maduka yote ya mji hakikuwepo kingine kama hicho. Tena mahameli ina manyoya. Ukiipapasa kushuka inang'aa, ukiipapasa kupanda inakuwa nyeusi. Vipande vyote lazima vielekee upande mmoja. Ukikosea kimoja, kochi zima linaonekana limeshonwa na mlevi. Jora lile la kitambaa lilisimama pembeni, limevaa nailoni yake, na Fundi alipoingia asubuhi alilitazama kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kama mtu anavyomtazama polisi aliyekaa sebuleni kwake.

Kwa bosi wake wa zamani, Mzee Kipimo, Fundi alifanya kazi zaidi ya miaka kumi na hakuwahi kukata. Mzee Kipimo ndiye aliyekata, peke yake. Wakati wa kukata ukifika aliwaambia vijana wote, "Tokeni nje mkanywe chai," anafunga mlango, na wakirudi vipande vimepangwa mezani. Siku moja Fundi aliomba ajaribu. Mzee akamshika kiganja, akakigeuza mbele ya wateja kama anayekagua ndizi sokoni, akasema, "Huu mkono wa nyundo, si wa mkasi." Wateja wakacheka. Fundi naye akacheka. Kilichobaki baada ya kicheko ndicho kilichokuwa kinamsumbua sasa.

Aliacha kazi kwa ajili ya Kocha. Huyu Kocha alikodi ukumbi, akavaa suti ya bluu na viatu vyeupe bila soksi, akawafundisha watu kujiajiri. Aliwaambia wasimame mbele ya kioo kila asubuhi na kusema kwa sauti: Mimi ni mshindi. Sina woga. Leo ni siku yangu. Watu walilia ukumbini. Fundi alinunua kioo siku hiyohiyo.

"Leo ni siku yako," mkewe alimuuliza asubuhi ya kwanza, akiwa anakoroga uji wa watoto. "Jana ilikuwa ya nani?"

"Usinivunje moyo, Mama Pacha."

"Sikuvunji. Nauliza nijue ratiba."

Kwa hiyo kila siku ilienda hivi. Alifungua karakana mapema kuliko wenye maduka wote wa mtaa ule. Alisema maneno yake kwenye kioo. Alifagia. Alitia cherehani mafuta, ingawa alikuwa ameitia jana. Alinoa mkasi mpaka ungeweza kunyoa. Alipanga pini kwa ukubwa. Alimsikiliza Kocha kwenye simu. Alitandika kitambaa mezani, akashika chaki, akapima, akapima tena, na hapo moyo ulianza kwenda mbio, kiganja kikatoa jasho, na jasho lile likamtia woga mwingine, kwamba litaacha doa kwenye mahameli. Basi akakikunja kitambaa na kukirudisha kwenye nailoni. Jioni aliondoka kachoka kweli. Hilo ndilo watu wasiolielewa kuhusu mtu wa namna hii. Wanadhani mvivu. Mvivu hulala. Fundi hakuwa na nafasi ya kulala.

Na mkewe alipouliza, alisema, "Bado kidogo."

Lugha yetu imewahurumia mafundi. "Bado" peke yake ni neno la aibu, kazi haijafanyika. Ukilibandikia "kidogo" linageuka kuwa ahadi. Fundi alianza kulitumia siku ambayo kweli ilikuwa imebaki kidogo, na siku zilivyokwenda neno lilibaki vilevile, kazi nayo vilevile.

*

Mchana mkewe alimletea chakula. Kawaida alikiacha kwenye meza ndogo ya nje na kugonga. Siku hiyo hakukiacha.

"Fungua."

"Kuna vumbi humu, mke wangu. Utakohoa."

"Nasuka nywele za watu tangu asubuhi, nimeshakula nywele za kutosha kujaza mto. Vumbi litanifanya nini? Fungua, Baba Pacha. Nimemwapia yule mama kwamba nimeyaona. Basi niyaone."

"Bado kidogo."

"Hicho kidogo ndicho ninachotaka kukiona."

Alisimama mlangoni akiwa na sahani mkononi, na Fundi alijua hataondoka. Akafungua. Akasogea pembeni, akatazama ukutani, kama mtoto anayesubiri daktari wa sindano.

Mkewe aliingia. Aliyatazama makochi, mbao, springi na sponji nyeupe vikiwa wazi. Akatazama meza tupu. Akaliona jora pembeni limevaa nailoni yake. Aliiweka sahani chini taratibu.

"Baba Pacha. Haya ni mifupa."

Fundi aliendelea kutazama ukuta.

"Nguo iko wapi? Umeishona umeiweka wapi?"

"Ile pale."

"Ile haijashonwa."

"Haijashonwa."

"Haijakatwa?"

"Bado."

Mkewe alisubiri amalizie. Alizoea neno lile lije na mkia wake. "Bado kidogo?"

"Bado," akasema Fundi. "Sijaanza. Sijakata hata kipande kimoja. Nikishika mkasi mkono unakataa."

Mkewe alikaa kwenye mbao za kochi kubwa, springi zikalia chini yake. Mwanzoni alicheka, kicheko kifupi kilichotokea puani. Halafu uso wake ukawa na kitu ambacho Fundi hakuwahi kukiona tangu amwoe. Alikuwa anaogopa. Mwanamke huyu alizaa mapacha na kesho yake akauliza nani kaacha taa inawaka. Sasa alikuwa anaogopa, na kilichomwogopesha kilikuwa mumewe.

"Wiki zote hizi unafanya nini humu?"

"Nafanya kazi."

"Kazi gani?"

Alitaka kumwambia kuhusu pini, mafuta na mkasi. Akaona jinsi vitakavyosikika, akaacha.

"Mimi nikikaa pale nje," mkewe akasema polepole, "mteja anakaa, ananipa kichwa chake. Hata kama mikono inauma, hata kama nimeamka sina hamu ya kuona binadamu, kichwa kipo mbele yangu. Siwezi kumwambia akiache aje kesho. Wewe watu wanakuachia vitu, wanaondoka. Sasa nani akusimamie? Yule wa kwenye simu asiye na soksi?"

"Mama Pacha..."

"Tukitolewa hapa, baraza ninayosukia inatoka na sisi. Umelifikiria hilo? Au mshindi hafikirii?"

Akainuka. Akaenda moja kwa moja mezani, akauchukua mkasi mkubwa kwa mikono miwili, akalivuta jora kutoka kwenye nailoni.

"Nionyeshe pa kukata."

"Weka chini!"

"Nionyeshe. Mkono wangu haukatai."

"Utaharibu, mke wangu, kina manyoya hicho, si khanga hiyo!"

Fundi alimshika mkono. Mkewe hakuachia. Wakavutana pale, kitambaa kimelala kati yao, na kila mmoja aliogopa kuachia na aliogopa kuvuta.

"Kumbe haya ndiyo mambo ya kumalizia."

Mlango walikuwa wameuacha wazi. Shangazi alisimama kizingitini, na nyuma yake mteja wa Mama Pacha, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, kaja kuona kinachoendelea.

Shangazi aliingia, akalizunguka kochi kubwa, akaibonyeza sponji kwa kidole. Akamgeukia Mama Pacha kwanza, wala si Fundi, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Wewe uliyaona kwa macho yako."

"Shangazi..."

"Hayo hayo macho? Au una mengine unayaweka kabatini?"

Mteja mwenye nusu kichwa akaziba mdomo asicheke. Mama Pacha alitazama chini. Fundi alitamani sakafu ipasuke.

"Ni mimi, Shangazi. Yeye hakujua. Nilimwambia bado kidogo."

"Na wewe nani alikwambia bado kidogo?"

Shangazi alijifuta kidole kilichobonyeza sponji.

"Jumamosi siyo mwezi ujao," Shangazi akasema. "Namwita yule mzee uliyekuwa kwake. Kesho asubuhi atakata hapahapa, ninyi mtashona na kugongea. Yeye nitamlipa. Ninyi, tutaonana Jumamosi."

Alipotoka, Mama Pacha alimwongoza mteja wake barazani bila kumtazama mumewe. Chakula kilipoa sakafuni. Jioni walipofunga, Fundi alisema naomba unisamehe, na mkewe akasema, "Watoto hawajaoga," akaenda kuwaogesha.

*

Mzee Kipimo alifika asubuhi na mapema akiwa na futi shingoni na mkasi wake mwenyewe umefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amezeeka kwa muda mfupi. Miwani ilikuwa mipya, minene kuliko ile ya zamani.

"Bosi mpya!" akasema mlangoni. "Shikamoo, bosi mpya."

"Marahaba ni yako, mzee. Shikamoo."

"Aa, wewe si umejiajiri? Mimi kibarua tu. Nielekeze, bosi. Niingie na viatu au nivue?"

Mama Pacha, aliyekuwa barazani anachana nywele za mteja wa kwanza, aliinamisha kichwa. Fundi alimpisha mzee apite. Mzee akakiona kioo ukutani na karatasi iliyobandikwa juu yake. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Mimi ni mshindi," akasoma. "Sina woga. Hii ni dawa? Unakunywa kabla ya kula au baada?"

Fundi alivumilia. Alitandika mahameli mezani kama alivyoamriwa. Mzee alipima, akapima tena, akapima mara ya tatu, ndiyo maana ya jina lake. Akachora mistari ya chaki, ya mgongo, ya kikalio, ya mikono. Kisha akaufungua mkasi wake kwenye gazeti, akasafisha koo.

"Haya. Toka nje ukanywe chai."

Miguu ya Fundi ikainuka yenyewe. Ilikwenda mpaka mlangoni bila kumwuliza, kama ilivyokwenda miaka yote ile. Nje alimwona mkewe. Aliacha kuchana, akamkazia macho, na macho yale hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yanasubiri kuona tu, huyu mtu anatolewa hata kwenye chumba chake mwenyewe?

Fundi akageuka.

"Nitakaa, mzee."

"Nikikata sitaki mtu. Unanijua."

"Nakujua. Lakini hapa ni kwangu."

"Kwako! Mwenye nyumba anajua kwamba ni kwako?"

"Mpaka Jumamosi ni kwangu. Kata tu, mzee. Sitakusemesha."

Mzee Kipimo alinuna. Aliinama juu ya meza, akaweka ubapa wa mkasi kwenye ukingo wa kitambaa, akapanua. Akakaa hivyo. Fundi, kwa heshima, aliangalia mikono yake na siyo uso. Na hapo akaona. Ncha ya mkasi ilikuwa inagongagonga meza, ti, ti, ti, kidogo sana, kama mvua inayoanza kwenye bati. Mzee aliuondoa mkasi, akajifuta kiganja kwenye suruali, akauweka tena. Ti, ti, ti. Shati lake mgongoni lilikuwa limelowa, na jua lilikuwa halijapanda hata kidogo.

Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa miaka yote ile, nyuma ya mlango ule. Wao nje wanakunywa chai na kusifu jinsi mzee asivyobahatisha.

Hakufurahi. Mtu angedhani angefurahi. Alizidi kuogopa, kwa sababu alikuwa akitumaini kwamba siku moja, akizoea, jambo hili litaisha, na sasa alikuwa anamtazama mtu aliyelizoea tangu ujanani na halijamwisha.

Ndipo akaona chaki.

"Mzee."

"Umesema hutanisemesha."

"Kipande cha mgongo. Manyoya yanapanda."

"Nini?"

"Umekichora kichwa chini. Papasa."

Mzee alipapasa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akapapasa tena. Mahameli ikawa nyeusi chini ya kiganja chake. Angekata, mgongo mzima wa kochi kubwa ungekwenda, na hakuna duka la kukimbilia.

Aliutazama mkasi mkononi. Kisha akauviringisha kwenye gazeti lake.

"Taa ya humu mbaya," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na kitambaa chenyewe cha kijinga. Siku hizi wanatengeneza vitambaa vya kijinga." Akachukua futi, akaitundika shingoni. Mlangoni akasimama. "Utakata wewe?"

"Sina mwingine."

"Unatetemeka."

"Natetemeka," Fundi akasema.

Mzee alimtazama kana kwamba ametamka tusi. Akaondoka bila kuaga, na barazani Mama Pacha alimsikia akinung'unika kuhusu taa.

Fundi alifuta chaki, akachora upya. Aliupanua mkasi. Moyo ulikwenda mbio vilevile, kiganja kikalowa vilevile. Alingoja kidogo, kama kawaida yake, woga upite. Haukupita. Basi akakata nao. Mkasi ulisema kraa, na mahameli ikafunguka, na alichokiona hakikuwa ushindi wala nini. Kilikuwa ni kitambaa kilichokatwa, kisichoweza kurudi nyuma. Akaendelea, maana sasa kutoendelea kulitisha zaidi.

*

Jambo moja hakulifahamu mpaka alipofika mwisho. Kila kipande alikiongezea vidole viwili pembeni. Kilichohitajika ni kidogo, cha kukunjia tu, lakini woga ulimwambia aongeze, isije ikapunguka, na aliongeza kwenye mgongo, kwenye vikalio, kwenye mikono yote sita. Jioni alipokunjua kitambaa kukata kipande cha mwisho, cha nyuma ya kochi kubwa, kitambaa kilikuwa kimekwisha. Kwa kuogopa kupungukiwa, alikuwa amekipunguza. Mezani palijaa vitepe vyembamba vya damu ya mzee visivyofaa hata kushonea mdoli.

Alimwita mkewe. Mkewe, aliyekuwa hamsemeshi tangu jana, alikuja, akatazama, akaelewa.

"Nyuma yake kunaegemea ukuta," akasema.

"Atageuza."

"Atageuza, ndiyo. Yule atageuza."

"Nimwambie yamekamilika?"

Mkewe alimtazama mpaka akaona haya ya kuuliza. Kisha akaleta kaniki yake kuukuu, nyeusi tii, na walifanya kazi pamoja, yeye akishika, mumewe akigongea pini. Ijumaa nzima ilikwenda hivyo. Hawakuzungumza mengi. Mara moja tu, akiwa na pini mdomoni, Mama Pacha alisema, "Na mimi kila asubuhi kabla mteja wa kwanza hajafika huwa naumwa tumbo. Nilidhani ni uji."

*

Jumamosi wapangaji wanne walibeba makochi mpaka sebuleni kwa Shangazi. Alikalia kila moja. Alipapasa mikono, alirukaruka kidogo kwenye kikalio kama mtu anayenunua punda. Mahameli iling'aa yote upande mmoja. Mama Pacha alisimama karibu na mlango, mikono kaifunga kifuani. Fundi alihesabu moyoni Shangazi amebakiza nini kabla hajafika nyuma.

Hakumsubiri afike.

"Shangazi, kochi kubwa nyuma ni kitambaa kingine. Cheusi."

"Kwa nini?"

"Kitambaa kimepungua."

"Kimepungua au umekipunguza?"

"Nimekipunguza."

"Kimekwenda wapi?"

"Nilikata vipana mno. Niliogopa."

Shangazi akaenda nyuma, akainama, akachungulia kwa muda. Nje gari lilisikika likipunguza mwendo, halafu likapita. Halikuwa la wageni. Wote watatu walikuwa wameshtuka, Shangazi pia, na mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye kilemba kukinyoosha. Akalisukuma kochi kwa nyonga mpaka likagota ukutani.

"Mwaka sikupi," akasema. "Miezi sita. Na nikimwona mtu kavuta kochi hili, nitajua ni ninyi mmemtuma."

"Asante, Shangazi."

"Usinishukuru. Yule kijana wa simu nitamwambia asubiri miezi sita, na yeye ana pesa taslimu." Akamgeukia Mama Pacha. "Na wewe, siku nyingine macho yako yaazime miwani. Haya, tokeni, wageni wasinikute na mafundi."

Walivuka ua. Mama Pacha alishika ukuta wa baraza, akakaa, akatoa pumzi ndefu. Fundi alikaa kando yake. Alitaka kusema tumepona. Alipiga hesabu ya miezi sita ni makochi mangapi, na ni vitambaa vingapi vya watu, akanyamaza.

*

Jumatatu mwenye zahanati ya mtaa wa pili alileta mabenchi ya wagonjwa na kitambaa cha plastiki cha bluu. Kilikuwa kitambaa cha kawaida, kinachopatikana popote. Fundi alikitandika mezani na moyo ukaanza mbio zake, palepale, kama haukuwa na habari ya yaliyotokea wiki iliyopita.

"Lini?" akauliza mwenye zahanati.

"Keshokutwa mchana. Leo nakata."

Mteja alipoondoka, Fundi alijifuta kiganja kwenye suruali. Nje alimsikia mkewe akimwambia mtu, kaa dada, leta hicho kichwa. Akapima, akapiga mstari wa chaki, na pembeni ya mstari akaanza kuweka vidole viwili kama ilivyotaka tumbo lake. Akavitazama. Akakunja kimoja, akachora kwenye kilichobaki, akapanua mkasi.